Ufukwe wa Mke wa Kwanza

Mume wangu alileta habari ya likizo siku ya Jumapili, tumetoka kanisani, watoto bado wamevaa viatu vyao vya ibada. Alisema mwaka huu likizo yake ya kazi imeangukia wakati shule zimefungwa. Hatujawahi kwenda popote kama familia, ukiacha safari za kwetu Muleba kwenye misiba na harusi, kwa hiyo alitaka tuwapeleke watoto kisiwani, mahali penye ufukwe wa mchanga, wakacheze na maji siku kadhaa. Hata hajamaliza vizuri, nikasema, "Unguja."

Binti yetu alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe mezani akasema, "Ukerewe. Kwa bibi."

Baba yake akaangalia mkate wake. Mimi nikainuka kumfuta mtoto mdogo mdomo, ingawa mdomo wake ulikuwa safi.

Ninasema binti yetu, lakini sikumzaa mimi. Mama yake alifariki kwa ugonjwa wa figo, mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mimi niliingia katika nyumba ile ya Butimba, Mwanza, baadaye, binti akiwa chekechea. Wakati ninaouzungumzia alikuwa darasa la tatu, na mdogo wake, niliyemzaa mimi, alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu. Mke wa kwanza wa mume wangu alikuwa Mkerewe. Alizaliwa Ukerewe na akazikwa Ukerewe, nyumbani kwa mama yake, kwa sababu mama huyo alimwomba mkwe wake amwachie mwanawe, naye akamwachia, japo ndugu zake wa Usukumani walinung'unika sana. Kwa hiyo binti alipotaja kisiwa kile, alitaja mahali ambapo mimi nilikuwa nimejiapiza nisipakanyage.

Kumwonea wivu marehemu ni kazi ngumu, maana hakuna wa kugombana naye. Mwanamke aliye hai utamwona siku moja amechoka, amevaa kandambili zisizofanana, anabishana na muuza dagaa. Huyu wangu hakuwahi kuchoka. Alibaki na umri uleule, mimi naongezeka uzito. Kabla sijahamia, mume wangu alikuwa ametoa picha zake zote sebuleni, lakini ukutani zilibaki alama za mraba zenye rangi iliyokolea kuliko ukuta wote, na kila nikifagia nilikuwa nazihesabu moyoni kama wageni waliokaa bila kukaribishwa. Picha moja tu ilibaki, kwenye fremu, kando ya kitanda cha binti. Mama yake amesimama ziwani, maji yanamfika magotini, ameikunja khanga, tumbo kubwa, mimba ya huyu huyu mtoto, anamcheka mpiga picha. Mpiga picha alikuwa mume wangu. Kila asubuhi nikitandika kitanda cha binti nilimkuta anacheka, na nilijua anayechekewa ni nani.

Kuna neno moja pia nililokuwa nimelibeba. Siku za mwanzo za ndoa yetu tulikwenda kutembea ufukweni, pale mjini, na mume wangu, akiangalia maji, akasema kama mtu anayejisemea, "Marehemu alikuwa akiingia hapa, unamtafuta kichwa humwoni." Alisema mara moja tu, wala hakurudia. Mimi sijui kuogelea. Kwetu ni juu mlimani, kwenye migomba, ziwa tulikuwa tunaliona kwa mbali na kuambiwa kuwa mtu akilisogelea ataliwa na mamba. Tangu siku ile, kila niliponyamaziwa nyumbani nilidhani mume wangu yuko ziwani anatafuta kichwa cha mtu.

Unguja ilikuwa na sifa nyingi, lakini iliyozidi zote ni kwamba yule mwanamke hakuwahi kufika. Nilihakikisha. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimuuliza mume wangu kama kwa bahati tu, "Marehemu mlishawahi kwenda naye Zanzibar?"

"Wapi," akasema. "Alionja maji ya chumvi Dar es Salaam akasema hayafai."

Hata hilo liliniuma, kwamba anajua mpaka maji ambayo mwenzake hakuyapenda.

Basi nikaanza kampeni. Ninafanya kazi maabara, kwenye zahanati ya mtu binafsi karibu na stendi ya Buzuruga, na dada wa mapokezi pale kazini alikuwa amekwenda Unguja kwenye fungate yake. Kila mchana, tukiwa tunakula, alinionyesha picha kwenye simu. Nikamhoji kama polisi. Vyumba vina neti? Chakula cha watoto kinapatikana bila pilipili? Maji yana kina gani pale mwanzo? Akaniambia kuna saa maji yanaondoka yote, mtoto anaweza kutembea mchangani mpaka ukamwona mdogo kabisa, na kwamba niwavalishe viatu kwa sababu kuna vidudu vya miiba. Jioni nilimpelekea mume wangu habari zote hizo kama vile mimi ndiye niliyefika.

Yeye alikuwa na hoja yake. Mtoto mdogo anatapika kwenye magari. Basi mpaka Dodoma, treni mpaka Dar es Salaam, halafu boti, huyo mtoto atafika Unguja amebaki ngozi. Lakini kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, unapanda meli asubuhi, mchana uko kisiwani unakula samaki.

"Unataka watoto wakaoge kichocho?" nikamuuliza.

Hapo nilikuwa nimesimama mahali imara. Kazi yangu ni kuangalia mayai ya kichocho kwenye hadubini, yale yenye mwiba ubavuni, na nimeyaona kwenye choo cha watoto wa kila mwalo wa wavuvi wa ziwa hili. Nilimweleza kwa utulivu mume wangu habari za konokono na minyoo yao, na jinsi ini linavyoharibika. Kila nilichosema kilikuwa kweli.

"Watoto wote wa Mwanza wameyakanyaga haya maji," akasema.

"Wa kwangu hapana."

Binti alikuwa amekaa pale pale anafanya kazi ya shule. Aliniangalia, halafu akaendelea kuandika.

Mume wangu ni mtu asiyependa kelele. Baada ya siku chache akasema haya, twende hiyo Unguja, na mimi nikaenda sokoni Makoroboi kununua nguo za kuogelea za watoto. Ya binti ilikuwa ya buluu yenye maua. Aliijaribu, akasema asante mama, akaivua, akaikunja vizuri kuliko anavyokunja nguo nyingine zote.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa namsuka, amekaa katikati ya magoti yangu hapo barazani. Akaniuliza, "Mama, huko Unguja kuna mtu aliyemjua mama wa kwenye picha?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa anatutofautisha. Mimi ni mama, yule ni mama wa kwenye picha.

"Sidhani," nikamwambia.

"Basi nikiuliza alikuwaje hakuna wa kuniambia."

"Si umuulize baba."

"Baba nikimuuliza anakwenda nje."

Nikaendelea kusuka. Ningependa kusema kwamba pale pale nilimhurumia mtoto nikabadili safari. Huruma ilikuwepo, ila kilichoninyanyua kilikuwa kingine. Kumbe mume wangu akiulizwa habari za mkewe anakwenda nje. Mimi nilidhani ameshamaliza. Nilidhani aliyebaki na kazi ya kumfikiria yule mwanamke ni mimi peke yangu. Siku ile nzima nilimtazama akipita mlangoni kuingia na kutoka, na kila akitoka nilijiuliza ametoka kufanya nini. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshaamua kwamba huo ufukwe nitakwenda kuuona kwa macho yangu, nijue una nini.

"Tutakwenda Ukerewe," nikamwambia mume wangu.

Akashusha simu. "Imekuwaje tena?"

"Mtoto anatapika kwenye magari."

Niliweka sharti moja tu. Hatutalala kwa bibi. Tutalala kwenye nyumba ya wageni iliyo ufukweni, tutalipia wenyewe, na kwa bibi tutakwenda kusalimia.

Tulisafiri wiki ya pili ya likizo. Upepo wa Juni ulikuwa mkali, ziwa limechafuka, na mtoto mdogo akatapika kwenye meli, tena juu ya gauni langu, kabla hata mawe ya Mwanza hayajapotea machoni. Nilikaa ndani kwenye viti namfuta kwa taulo. Kupitia dirishani niliwaona mume wangu na binti wameegemea chuma cha pembeni, yeye ananyoosha kidole kuelekea tunakokwenda, mtoto anatikisa kichwa kukubali. Shati la mume wangu lilikuwa limejaa upepo. Alionekana kijana, na sikupenda.

Nansio nilipata nilichokitegemea. Hatujashusha hata mabegi, mwenye bodaboda mmoja akamwita, "Shemeji." Muuza machungwa akamwita shemeji. Mama mmoja mnene wa dukani akatoka mpaka nje, akampokea kwa mikono miwili, wakasalimiana kwa Kikerewe ambacho sikujua kwamba mume wangu anakifahamu. Kila mmoja akimaliza kumsalimia alihamia kwa binti, akamshika mashavu akasema ni mama yake mtupu, halafu ndiyo macho yakanifikia mimi na mtoto niliyembeba. "Karibu mama," wakasema. Walikuwa na adabu. Ningejisikia nafuu kama wangenikosea.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vichache tu, na mbele yake mchanga ukishuka taratibu mpaka majini. Nyuma yake kulikuwa na miti mirefu ya msitu wa Rubya. Mchanga ulikuwa mweupe kweli, na maji yalikuwa yanakuja na kurudi kwa mawimbi madogo, hakuna matete wala majani ambamo konokono hupenda kukaa. Nilitembea ufukwe wote nikitafuta kasoro. Nilitafuta konokono kwa bidii kuliko ninavyotafuta mayai ya kichocho kazini. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Bibi hakungoja tumfuate. Asubuhi ya kwanza tulimwona anakuja kwa miguu kando ya maji, na beseni la machungwa kichwani. Nilikuwa nimemtengeneza akilini kama kikongwe mwenye fimbo. Kumbe alikuwa mwanamke mwenye nguvu zake, mabega mapana, anatembea haraka, na alipocheka nikaona ni cheko lile lile la kwenye picha. Aliweka beseni chini, binti akamkimbilia. Walikumbatiana muda mrefu. Bibi akamwita mtoto kwa jina la mama yake, akajirekebisha, halafu baada ya dakika akakosea tena.

Mume wangu alichutama kwa mbali kidogo, kama mkwe anavyotakiwa, akamsalimu bila kumwangalia usoni. Ikawa zamu yangu. Kwetu Kagera mwanamke akimsalimu mkubwa wake hupiga magoti, na mimi nilifunzwa hivyo tangu mdogo. Nikapiga magoti mchangani, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama."

Alikuwa anammenyea binti chungwa. Alimenya ganda lote bila kulikata, akalitupa kwenye beseni, akaligawa chungwa, akampa mtoto kipande cha kwanza. Mimi bado niko magotini.

"Marahaba," akasema mwishoni. "Inuka, mchanga una moto."

Mchanga haukuwa na moto, ilikuwa bado asubuhi. Nikainuka. Kijana wangu akanyoosha mkono kutaka chungwa. Bibi akamwangalia kidogo, kama mtu anayefikiria jambo, kisha akampa vipande viwili.

Baada ya hapo bibi akakaza khanga yake, akamshika binti mkono, akaingia naye majini. Alisema mtoto wa Ukerewe hawezi kufika darasa la tatu hajui kuogelea. Mume wangu naye akaingia, lakini yeye hakukaa nao. Akaogelea kwenda mbele, akaenda, akaenda, mpaka nikaanza kumtafuta kichwa. Nilisimama mchangani nimekunja mikono. Nilijua anakokwenda. Nilimwona kabisa moyoni mwangu akifika huko kwenye maji mengi na kukuta anasubiriwa.

Kwa upande wa pili bibi alikuwa amemlaza binti juu ya maji, kiganja chake kikiwa chini ya tumbo la mtoto. "Piga miguu," alikuwa anasema. "Usiogope, nimekushika. Mama yako nilimfundisha hapahapa." Binti alipiga miguu, akacheka, akapiga tena. Kila kicheko kilinijia kama kinasemwa kwa lugha ambayo sikufundishwa. Mimi ndiye niliyemnunulia ile nguo ya maua, na nilikuwa nimekaa na ndoo ya plastiki, nachimba shimo na mtoto wa miaka miwili.

Halafu likaja wimbi kubwa kidogo kuliko mengine. Halikuwa la kutisha, lilimpiga bibi kifuani tu, lakini mtoto aliteleza kiganjani akazama. Bibi alimdaka hapo hapo. Binti aliibuka anakohoa, macho yamemtoka, akajinasua mikononi mwa bibi yake, akaja mbio kwenye maji, akaanguka, akainuka, akafika mchangani na kujitupa kwangu.

"Mama, nimekunywa maji. Mama, nimekunywa maji mengi."

Nilimfunga taulo, nikampigapiga mgongoni, nikamwambia ameshafika. Nikainua macho. Bibi alikuwa bado amesimama majini, mikono yake iko wazi vilevile kama alipoachwa. Uso wake niliujua. Ulikuwa uso wangu mwenyewe wa kila asubuhi nikitandika kile kitanda.

Na nilifurahi. Sitasema vinginevyo. Nilimkumbatia yule mtoto kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na nikahakikisha bibi anaona.

Bibi alitoka majini, akakamua khanga, akachukua beseni lake. "Amekuzoea," akasema, na akaondoka bila kutuaga vizuri.

Mume wangu alirudi anahema kama mbwa, akajilaza mchangani. Nilimngoja apumue, nikamuuliza huko mbali alikuwa anafikiria nini. Niliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nilikuwa nafikiria kama nitaweza kurudi," akasema. "Nimezeeka, mke wangu. Mguu ulikaza, nikasema leo basi."

Alasiri nilijikaza nikaingia majini mpaka magotini, nimemshika kijana wangu mikono. Mume wangu akatoa simu. "Simama hapo hapo," akasema, "pazuri."

Nikageuka. "Ndipo aliposimama yeye?"

Alichelewa kuelewa ninayemsema. Akaangalia ufukwe upande huu na upande ule. "Sijui," akasema. "Huu ufukwe ni mrefu. Labda ilikuwa kule kwenye jiwe." Nilimtazama kuona kama ananidanganya. Hakuwa ananidanganya. Nilikataa kupigwa picha hata hivyo.

Siku ya tatu tulikwenda nyumbani kwa bibi. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita, na zawadi za sukari na vitenge nilizozipanga kwa makusudi zionekane nyingi. Kaburi lilikuwa upande wa nyumba, kwenye michungwa, limejengewa kwa sementi na vigae. Binti alipewa ufagio akafagia majani. Mume wangu alisimama na kofia mkononi. Mimi nilibaki nyuma, nikijitahidi kuwa na uso unaofaa, ndipo kijana wangu akaniponyoka. Alipanda juu ya kaburi, akakaa, akatoa kigari chake cha plastiki mfukoni na kuanza kukiendesha kwenye vigae, anaunguruma kwa mdomo. Nilikwenda mbio kumtoa.

"Mwache," bibi akasema. "Hapo pana ubaridi."

Nikamwacha. Akaendesha gari lake juu ya kaburi la mke wa baba yake mpaka alipochoka.

Baadaye mume wangu alichukuliwa na shemeji zake kwenda kuona shamba, watoto wakaenda nao, na mimi nikabaki na bibi jikoni tukimenya mihogo. Tulimenya mpaka maganda yakatujaa miguuni. Halafu akaniuliza, bila kuacha kumenya, "Huyu mtoto akiugua anamwita nani?"

Ningeweza kumpunguzia. "Ananiita mimi, mama," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema, lakini hakusema kama mtu anayeafiki. Akatupa muhogo kwenye maji. "Na wewe una wivu."

Nikachukua muhogo mwingine.

"Nimekuona unavyomwangalia mumeo akiangalia ziwa. Mwanangu naye alikuwa hivyohivyo. Wivu ulikuwa unamla yule mtoto mpaka nikasema nitampeleka akaombewe."

"Wivu wa nani?" nikauliza. Sikuamini. Katika miaka yote ya kumjenga yule mwanamke, sikuwahi kumpa wivu. Nilidhani ni wa kwangu peke yangu.

"Wa kila mtu. Mumewe alicheza muziki na mwanamke wa kazini kwake kwenye harusi, huko Mwanza. Kucheza tu, watu wote wanaona. Kesho yake nashangaa mtu ameshuka kwenye meli, ana begi moja na sufuria. Namuuliza, sufuria ya nini? Anasema ni maharage, alikuwa ameyabandika, hayajaiva, na hawezi kumwachia yule mwanaume ale."

Nilicheka kabla sijajizuia. Bibi naye akacheka, akaweka kisu chini.

"Tukayamalizia kupika hapa," akasema. "Yalikuwa na chumvi nyingi. Mapishi yake yalikuwa mabaya, usimwambie mumeo nimesema."

"Alimfuata?"

"Siku ya pili yake tu. Akakaa pale nje juani mchana kutwa, mkwe wa watu, hajapewa hata maji. Jioni mwenyewe akatoka akamwambia, haya, twende."

Niliendelea kumenya. Nilikuwa nimeanza kumpenda kidogo yule mwanamke na maharage yake, na hapo hapo nikapatwa na wivu mwingine mbaya kuliko wa kwanza. Mimi nikiondoka na sufuria, kuna mtu atakaa juani?

Nilimuuliza tukiwa kwenye meli ya kurudi. Watoto walikuwa wamelala kwenye viti, ziwa limetulia. "Ningeondoka nyumbani na sufuria ya maharage, ungenifuata?"

Aliduwaa. Kisha akacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. "Mama amekwambia," akasema, na akanisimulia upande wake, jinsi jua lilivyompiga siku ile, na kuku mmoja aliyekuja kumdonoa kamba za viatu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mkewe mbele yangu kwa zaidi ya sentensi moja. Alipomaliza nikamuuliza lile lililonipeleka Ukerewe. Kwa nini binti akimuuliza habari za mama yake anakwenda nje?

Cheko likaisha. Alikaa akiangalia mikono yake.

"Kwa sababu nasahau," akasema. "Ananiuliza alikuwa anaongeaje, na sauti yake siikumbuki tena. Natoka nje nijaribu kuikumbuka, nikirudi nayo nimwambie. Sirudi na kitu."

Miaka yote nilikuwa nimengoja kusikia kwamba yule mwanamke anafutika. Nilidhani siku hiyo nitashusha pumzi. Badala yake nilipata baridi. Nilimtazama mume wangu, mtu mwema aliyekaa juani mchana kutwa kwa ajili ya mtu, na sasa sauti ya mtu huyo imempotea. Nikaiwaza sauti yangu. Nilimshika mkono, na sikuuachia mpaka mawe ya Mwanza yalipoonekana.

Wiki kadhaa baada ya kurudi niliwachukua watoto maabara nikawapima kichocho mwenyewe. Hawakuwa na kitu, wote wawili. Niliangalia mara mbili. Nikasikia furaha, na chini yake kitu kama masikitiko, kwa sababu nilikuwa nimekosa sababu ya kusema sitaki.

Na sababu niliihitaji, maana Desemba bibi alipiga simu akamwomba binti akae naye likizo yote. Nilisema mtoto ana masomo ya ziada. Nilisema ziwa limechafuka, mvua ni nyingi. Binti alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na begi lake, ameshalifunga. Mume wangu akampeleka.

Nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo sikuijua. Kijana wangu alikuwa anazunguka vyumbani anamwita dada yake. Siku ya nne nikavumilia mpaka saa sita mchana, nikapiga simu.

"Yuko majini," bibi akasema. Nyuma yake nilisikia upepo na watoto wanapiga kelele. "Siku hizi anafika mpaka kwenye jiwe, na kurudi anarudi mwenyewe. Hataki hata kutoka kula."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Nilimwambia mtoto asikae sana kwenye maji ya baridi, ana kifua. Nilimwambia ampake mafuta akitoka.

"Sawa," akasema.

"Na umwambie mama yake amepiga."

"Mama yake yupi?" akauliza, na hapo hapo nikamsikia anacheka, kile kicheko cha kwao. "Nitamwambia, mwanangu. Akitoka nitamwambia."

Hakukata simu mara moja. Nikaibana sikioni na kusikiliza. Nilidhani nimemsikia binti akicheka kwa mbali, lakini walikuwa watoto wengi, huenda alikuwa mwingine.